Sura ya Tisa: Gari Lililobadili Sauti

Saa nne kasorobo asubuhi Inspekta alikuwa ameshaizunguka meza yake mara ya sita, na jalada lililokuwa juu yake halikuwa limemwambia neno jipya. Kituoni walimwita Siafu. Si kwa kuwa anauma, ingawa na hilo lilikuwemo, bali kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona ametulia mahali pamoja muda wa kumaliza kikombe cha chai. Leo alikuwa na haki ya kutotulia. Saa tisa alasiri kijana aliyekuwa mahabusu angepelekwa mahakamani kusomewa shitaka la kumgonga mwanamke na kukimbia, na haikumwingia Inspekta akilini kwamba kijana yule alimgonga mtu yeyote.

"Hebu nieleweshe, afande," alisema koplo aliyeandaa jalada. Huyu walimwita Mkato, maana hakuna njia ndefu aliyowahi kuipenda maishani. "Jumatano saa moja na nusu asubuhi, muuza mikate anagongwa akiwa kwenye baiskeli yake, barabara ya nyuma ya kiwanda cha magodoro. Anatupwa mtaroni, kichwa kinapiga saruji. Gari halisimami. Kwenye keria ya baiskeli tunakuta rangi nyekundu. Kijana ana gari jekundu, kioo cha pembeni upande wa abiria kimechubuka, na maabara wanasema rangi ni ileile. Unataka nini tena, nikuletee malaika ashuhudie?"

"Nataka mlio."

"Mlio upo. Ukurasa wa nne."

Inspekta alikuwa ameusoma ukurasa wa nne mpaka ukachoka. Shahidi pekee, mama fundi cherehani, alikuwa ameipa barabara mgongo na hakuona gari. Alilisikia. Alisema lilikuja kwa kasi, kisha likatoa mlio wa "tutututu", kisha baiskeli ikaanguka. Chini yake Mkato alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa haraka kwamba mlio wa gari la mshukiwa unafanana na uliosikiwa na shahidi.

"Ulimsikilizisha shahidi hilo gari?"

"Afande, gari la turbo ni gari la turbo. Yote yana makelele."

"Na mbuzi na ng'ombe wote wana pembe. Umewahi kumkamua mbuzi ukapata ndoo?"

Mkato akacheka, akaangalia saa ya ukutani ili na Inspekta aiangalie.

Lakini si mlio peke yake uliomkosesha raha. Kulikuwa na maelezo ya kijana mwenyewe, mistari mitatu tu: gari nililichukua gereji Jumanne jioni, tangu hapo lilikuwa na mimi, kama mnasema ni gari langu, basi ni mimi. Miaka kumi na tisa ya kazi ilikuwa imemfundisha Inspekta kwamba aliyegonga ama hukana, ama hulia, ama husingizia breki. Huyu alikuwa amekaa kwenye benchi ameweka mikono magotini, anapokea kosa kama anayepokea mzigo wa mwenzake. Ukimuuliza alikuwa na nani garini, anatazama ukuta. Ukimuuliza alikuwa anaelekea wapi, anatazama ukuta mwingine.

Inspekta akachukua funguo za gari lile kwenye sanduku la vielelezo, akatia saini, akashuka uani. Alimwomba askari wa zamu alizungushe nje ya ukuta wa kituo, akanyage mafuta kisha aachie, na yeye akarekodi kwa simu. Mlio ulikuja wazi: "Pshhh." Hakukuwa na tututu yoyote.

Dakika ishirini baadaye alikuwa kibarazani kwa mama fundi cherehani. Nyuma ya ukuta mrefu mashine za kiwanda zilinguruma, na mtaroni bado palikuwa na unga wa mbao uliomwagwa juu ya damu. Mama alikuwa na miwani iliyofungwa uzi sikioni na sindano tatu kwenye kola. Hakuacha kushona hata alipomkaribisha mgeni.

"Karibu, mwanangu. Yule mama wa mikate anaendeleaje?"

"Bado hajapata fahamu."

"Mungu amwangalie. Nilimpeleka mwenyewe hospitali, nguo yangu yote damu. Mara mbili kwa wiki hunipa mkate wa jana bila kuniambia ni wa jana." Akakata uzi kwa meno. "Haya, umeleta nini?"

Inspekta akaweka simu karibu na sikio lake, akaicheza rekodi. Mama akaisikiliza mara moja, akatikisa kichwa.

"Silo."

"Una hakika? Wewe uliipa barabara mgongo."

"Ndiyo maana nina hakika. Mwanangu, hii cherehani nikiisikia tu najua sindano inataka kukatika, sijaiona. Hili lako linapumua. La juzi lilikuwa linabanwa, kama mtu anataka kukohoa na ameambiwa asikohoe. Tutututu! Mwambie yule koplo wako, maana nilimwambia akawa anaandika kabla sijamaliza."

Inspekta alirudi kituoni akiwa na miguu myepesi na roho nzito. Kama gari silo, kijana hakugonga. Kama hakugonga, kwa nini amekubali?

Langoni mwa kituo alimkuta mwanamume mfupi wa makamo, ovaroli imefuliwa ikapigwa pasi kama ya kwenda msibani, sanduku la vifaa miguuni. Alikuwa akibishana na askari wa zamu, ambaye alimfahamu.

"Afande, huyu ndiye Fundi Sikio," alisema askari. "Hufungui boneti kwake mpaka kwanza amelisikiliza gari. Anasema kijana ni mpwa wake."

"Ni mpwa wangu na ni mwanangu," alisema Fundi Sikio, akavua kofia. "Alifiwa na baba yake akiwa na miaka sita, nikamlea mimi. Dada yangu alinipigia simu jana usiku. Unajua tena, kulia na kueleza haviendi pamoja. Nimeshika tu kwamba amekamatwa, eti amemgonga mama wa watu na gari lile jekundu. Haiwezekani. Huyo hata kuku akikatiza anasimama anamsubiri amalize mazungumzo."

"Gari lake unalitengeneza wewe?"

"Tangu alinunue. Hakuna nati humo isiyonifahamu."

"Basi twende uani, fundi. Nina swali moja la mlio."

Alimwambia kuhusu mlio, na mlio tu. Mahali, saa na jina la shahidi aliviacha mfukoni, kama taratibu zinavyotaka. Fundi Sikio alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kisha uso wote ukafunguka kwa furaha.

"Tutututu? Shahidi wako amesema tutututu? Basi mpwa wangu yuko huru! Njoo, dada, njoo nikuonyeshe."

Akafungua boneti. Alikuwa mwalimu wa kweli, yule asiyejua kufundisha bila kumshika mwanafunzi mkono.

"Turbo hii inasukuma upepo kwa nguvu kuingia kwenye injini. Sawa? Sasa ukiachia mafuta ghafla, njia inafungwa. Ule upepo uliokuwa unakuja mbio uende wapi? Ndiyo kazi ya hii valvu. Inafunguka, upepo unatoka nje: pshhh. Hilo ndilo gari zima. Lakini valvu yenyewe haina akili. Inaamshwa na mpira huu mwembamba. Mpira ukipasuka, valvu inalala usingizi, upepo unagonga mlango, unarudi ulikotoka, unapiga mapanga ya turbo. Hapo ndipo unasikia tutututu."

"Na gari hili liliwahi kusema tutututu?"

"Ndiyo iliyomleta kwangu! Alikuja analalamika, mjomba, gari linalia kama bata. Nikadhani ni springi ya valvu, nikabadilisha. Wapi. Nikakagua vibano vyote. Wapi. Mwisho nikauchomoa huu mpira nikaunyonya kwa mdomo. Mpira mzima ukiunyonya unakung'ang'ania ulimi. Huu ukanipa hewa tu, mhuni huu. Ulikuwa na ufa chini ya kibano, mahali ambapo macho hayafiki. Nikaweka mpya, huu hapa. Tangu siku ile ni pshhh mpaka leo. Sasa kama aliyegonga alikuwa na tutututu, tafuteni gari jingine, mwachieni mtoto."

Hapo Inspekta alifanya kosa ambalo angemfokea Mkato kwalo wiki nzima. Hakuuliza siku. Kijana alikuwa amesema alilichukua gari Jumanne jioni, fundi anasema alilikabidhi likiwa zima, na hesabu ikajipanga yenyewe: Jumatano asubuhi gari hili lilikuwa linapumua vizuri. Akampigia Mkato simu palepale.

"Tafuta magari yote mekundu ya aina hii mjini. Uliza gereji ipi ilipokea lenye mlio wa kubanwa."

"Afande, saa tano na nusu hii. Saa tisa ni mahakama."

"Ndiyo maana nakuambia sasa na si kesho."

Akakata simu, akazunguka gari mara mbili. Mwendesha mashtaka asingekubali maneno matupu ya mjomba. Angetaka kusikia milio yote miwili kutoka gari moja, imerekodiwa, ili ajue mmoja si mwingine.

"Fundi, unaweza kulirudishia ugonjwa wake?"

"Dakika moja." Fundi akauchomoa ule mpira, akauziba kwa bolti ndogo, akauchomeka tena. "Limeugua. Lakini likiwa limesimama halisemi. Lazima lipande kasi, libebe mzigo, ndipo uachie."

Wakatoka na askari wa zamu akiwa nyuma na simu ya kurekodia, wakaenda kwenye barabara ya maghala ya zamani, ambayo siku hizi hupitwa na mbwa na upepo. Inspekta aliendesha mwenyewe. Alikanyaga, akaachia. Kimya. Akakanyaga tena, akaachia. Gari likaguna kidogo tu.

"Unalibembeleza," alisema Fundi Sikio. "Mguu mpaka chini, dada, na ukiachia, achia kama umekanyaga kaa la moto."

Mara ya nne Inspekta akaona muda unakwisha. Akatoka, akamwachia fundi usukani, jambo lililokuwa kinyume cha taratibu, na alilijua. Fundi akarekebisha kiti. Gari likaruka mbele. Maghala yakaanza kukimbia pembeni, sindano ya mwendo ikapanda, na fundi akauachia mguu ghafla.

"Tutututu!"

Inspekta akageuka kumwambia safi. Mwanamume yule alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea boneti, mdomo umeachama kidogo, na macho yake yote mawili yalikuwa yamefumbwa.

"Fundi!" Akaudaka usukani.

Fundi Sikio akafumbua macho, akacheka, akarudisha gari katikati bila wasiwasi wowote.

"Usiogope, dada. Ni sekunde mbili tu. Macho yananiharibia sikio. Nikiona, sisikii vizuri. Hata mke wangu ananigombeza."

"Simamisha gari."

Likasimama. Askari wa nyuma alikuwa amekumbatia simu kifuani kama mtoto mchanga. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Inspekta alikaa bila kutikisa hata kidole.

"Unafanya hivyo kila ukipima?"

"Kila nikipima. Bila hivyo ningekuwa fundi wa kawaida."

"Gari hili ulilipima mara ngapi?"

"Mara mbili, kama yote. Kabla na baada. Huwezi kutibu ugonjwa ambao hujausikia."

"Kabla, ilikuwa lini?"

"Jumatano asubuhi. Saa moja na ushee, magari hayajajaa barabarani. Nikarudi gereji, ndipo nikaupata ule ufa. Baada ilikuwa kama saa tatu. Saa nne mpwa wangu akaja kulichukua, alikuwa na furaha, akaninunulia soda."

"Kabla ulipimia barabara gani?"

"Ile ya nyuma ya kiwanda cha magodoro, wanapokaa mafundi cherehani. Imenyooka, haina tuta hata moja." Akamtazama. "Kuna nini, dada? Si tumeshapata mlio?"

Inspekta aliwahi kuwaambia watu mambo mazito. Aliwahi kubisha hodi milangoni na kofia mkononi. Lakini hao wote hawakuwa wamemletea ushahidi wenyewe, kwa sanduku la vifaa na ovaroli iliyopigwa pasi, wakitabasamu. Alimhurumia mpaka akamkasirikia.

"Sikiliza, fundi. Kuanzia sasa hulazimiki kuniambia neno. Ukisema, nitaliandika, na linaweza kusomwa mahakamani. Unaweza kutafuta wakili kwanza. Umeelewa?"

"Wakili wa nini?"

"Mpwa wako ameandikisha kwamba gari alilichukua kwako Jumanne jioni."

"Jumanne? Jumanne lilikuwa kwangu, springi imelala mezani. Kwa nini aseme uwongo wa kumfunga mwenyewe?"

Inspekta akasema, polepole na kwa mpangilio, mahali mama wa mikate alipogongwa, na saa.

Fundi Sikio aliendelea kumtazama, akisubiri mengine. Kisha akaacha kusubiri. Akageuza shingo kuelekea kioo cha upande wa abiria, kile kilichochubuka, akakikazia macho kwa muda mrefu. Nyuma askari akakohoa. Fundi akazima injini, ingawa hakuna aliyemwambia, na mikono yake ikabaki kwenye usukani.

"Nipeleke kwa mtoto," alisema.

Saa saba na dakika kumi walikuwa katika chumba cha mahojiano. Mkato alikuwa ameshaleta karatasi ya mashtaka, imeandikwa safi, imebaki saini. Kijana aliletwa kutoka mahabusu bila mkanda wala kamba za viatu. Alipomwona aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, kile kiburi chake cha kimya cha siku nzima kikapasuka.

"Mjomba, nani amekuleta hapa? Rudi nyumbani!"

"Nimejileta."

"Afande, huyu mzee hajui chochote. Msimsikilize. Niliendesha mimi."

"Kaa chini," alisema Inspekta. "Kioo kilichochubuka ulikiona lini?"

"Nilikichubua mimi nilipogonga."

"Ulikiona Jumatano ulipolichukua gari saa nne. Jioni ukasikia habari za mama wa mikate, ukajumlisha. Mjomba wako mwenyewe alikuwa hajui."

"Niliendesha mimi," alirudia kijana, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Ana miaka hamsini na nane, afande. Ana kisukari. Atakaaje ndani? Mimi nitakaa. Mimi ni kijana, nitatoka. Alinilea huyu. Andika ni mimi, mbona ni rahisi tu?"

Mkato aliangalia karatasi yake, akaangalia dirisha. Kwa mara ya kwanza hakuwa na njia ya mkato.

Inspekta akavuta kiti, akakaa ana kwa ana na kijana. Alikuwa na barabara, alikuwa na saa, alikuwa na milio miwili kwenye simu. Lakini alijua kwamba mtu aliyeamua kujitoa hafuti maelezo yake kwa kuonyeshwa mpira wa gari. Angeyarudia mahakamani, na wakili yeyote mwenye akili angeyatumia kuivuruga kesi yote mpaka mama wa mikate asipate haki kutoka kwa yeyote.

"Sawa," alisema. "Uliendesha wewe. Nina swali moja, na ukilijibu naandika. Ulipomgonga, ulisikia nini?"

Kijana akamtazama mjomba wake, kisha akayarudisha macho haraka mezani.

"Kishindo," alisema. "Kishindo kikubwa. Gari zima lilitikisika. Nikajua nimegonga mtu, nikaogopa, nikakimbia."

Inspekta alishika kalamu lakini hakuandika.

"Hapana, mwanangu," alisema Fundi Sikio kwa upole, kama anayemsahihisha mwanafunzi mbele ya gari bovu. "Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa ko, mara moja, upande wa abiria. Nilidhani nimegusa kreti tupu la mtu." Akafuta uso kwa kofia. "Nikasema, mwenyewe ataliokota."